Chini ya Ukoko

Mvua ya Rashti haina adabu,
inaingia mpaka katikati ya mazungumzo.
Bahman, fundi saa, miaka sitini na sita,
amesimama jikoni na sufuria ya mkewe,
na ndani ya sufuria kuna usiku.

Alitaka ukoko tu.
Ule wa rangi ya asali, ambao Golnesa
huupindulia kwenye sinia ukatoka mzima kama ngoma,
wageni wakaukodolea macho kabla hawajamsalimu mwenye nyumba.
Alitia mafuta, zafarani, mtindi kijiko kimoja,
akafunika kwa kitambaa kama alivyozoea kuona,
kisha akakaa karibu na simu.

Simu haikulia. Wali ulilia.

Bi Tuba wa mlango wa pili kaja akifuata moshi:
"Weka kisu chini! Unataka kuitoboa?
Siki, magadi, maji yachemke, halafu subira."
Subira! Mtu ambaye mkewe yuko hospitali tangu alfajiri,
ameshika mkono wa binti anayejifungua,
leo afundishwe subira na sufuria.

Lakini akachemsha. Povu likapanda, la kijivu,
likanuka kama viatu vilivyonyeshewa.
Weusi ukaanza kubanduka, magamba kwa magamba,
akaukwangua kwa mwiko, taratibu,
kwa mkono uleule uliozoea vigurudumu vya saa
vidogo kuliko punje ya ufuta.

Hapo akaona.
Chini ya masizi yake mapya, mikwaruzo ya zamani:
ya uma, ya kisu, duara juu ya duara,
mmoja umepita kwa hasira hata chuma kikapungua.
Akavaa miwani ya kazi. Akahesabu.
Akaacha kuhesabu.

Zile jioni za mkate na mayai,
"leo nimechoka kupika, Bahman, usinune,"
na madirisha wazi, katikati ya baridi!
Miaka thelathini na minane akidhani
ameoa mwanamke asiyeunguza.

Akacheka peke yake, povu mpaka viwikoni.

Hakuimaliza. Pembeni aliacha doa,
ukubwa wa sarafu, jeusi, la kwake,
kando ya mikwaruzo ya mkewe.

Simu ikalia mikono ikiwa imelowa;
akaibana kwa bega.
"Wa kike," alisema Golnesa, sauti imekauka. "Umekula?"
"Mkate na mayai. Nilichoka kupika."

Kimya kidogo. Mahali fulani kule, kitoto kikalia.
Kisha mkewe, polepole:
"Umefungua madirisha?"