Daftari la Vipimo

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
cherehani yangu inatazamana na duka la dawa.
Kijana alikuja saa nne, jua halijafika kizingitini,
viatu vyeupe, kishikwambi kwapani.
Jicho langu lina miaka ishirini na sita ya ufundi:
lilimpima kabla hajamaliza salamu.
Bega kumi na saba. Kiuno thelathini.
Mguu wa kushoto mfupi, robo inchi.
Sikumwambia.

Alitaka daftari.
Si kulinunua, alisema, kulipiga picha tu,
ukurasa kwa ukurasa, dakika arobaini,
na laki tatu zingeingia kwenye simu yangu
kabla chai haijapoa.
Kampuni yake inashona nguo, mbali huko,
inataka kuijua miili ya watu wa pwani.
"Ni namba tu, mama. Namba hazina mwenyewe."

Kodi ya fremu nadaiwa miezi miwili.
Nikamwambia arudi Ijumaa.

Usiku nikalifungua.
Mwanakombo Shekue: kifua arobaini na mbili,
halafu, mwaka ule, kwa penseli,
titi moja nimeliandika peke yake
kwa sababu lilibaki peke yake.
Nuru: kiuno kimeongezeka inchi mbili,
mwezi mzima kabla mama yake hajajua.
Mhina: suruali ile ile nimeipunguza mara tatu;
mara ya nne aliileta mdogo wake,
imtoshe yeye.

Namba hazina mwenyewe!

Ndani ya sanduku, chini ya daftari,
kimelala kipande cha babu, cha shamba la mkonge:
kadi iliyochakaa, visanduku thelathini,
kila siku aliyokata imetiwa alama.
Kikijaa, analipwa.
Malipo ya dhuluma, ndiyo, lakini dirisha lilikuwapo,
na foleni yake ilikuwapo,
na mtu alijua amesimama kwa ajili ya nini.
Simu yangu inajaza vipande vyangu usiku na mchana,
nilipokwenda, nilichonunua, niliyemlilia.
Dirisha sijaliona.

Basi nikazunguka mitaani na daftari mkobani.

Mbwana Kallaghe, wa kahawa, alipiga paja:
"Uza! Kitambi hiki nimekilea kwa fedha yangu,
leo nacho kinilee.
Ila changu nikipate mkononi,
na mwakani wakikitaka tena, waje tena."

Nuru alimtazama mwanawe aliyekuwa anatambaa.
"Na yeye yumo humo?"
Alikuwamo. Kanzu ya Idi, inchi kumi na nne.

Mwanakombo aliendelea kuchambua mchele.
Nikadhani hakunisikia.
"Ule ukurasa wangu," akasema, "uchane."

Ijumaa akarudi, nikampa karatasi:
majina kumi na moja ya waliokubali,
bei mbele ya kila jina,
na chini kabisa: ruhusa ni ya mwaka mmoja.
Akacheka, bila ubaya.
"Mama, kampuni haiwezi kumlipa mtu mmoja mmoja."
"Bando mnatuuzia mmoja mmoja," nikamwambia,
"mpaka la saa moja, mpaka la shilingi mia tano.
Kuhesabu mnajua."

Akaniuliza, hasa hasa, mtu anapoteza nini.
Nikamtajia: bega kumi na saba, kiuno thelathini,
mguu wa kushoto umepungua robo inchi,
"uliuvunja utotoni, au siyo?"
Akajifunika kifua kwa kishikwambi
kama aliyevuliwa shati katikati ya Tangamano.
"Nani amekwambia?"
"Wewe. Uliingia ukitembea."

Kodi sasa ni miezi mitatu.
Ukurasa wa Mwanakombo niliuchana taratibu, kwa rula,
nikaukunja, nikampelekea mwenyewe.
Alichoufanyia sikuuliza.