Mabati Ishirini na Manne

Tulitoka Bukavu kwa meli ya usiku, watu watano,
tiketi nne, maana Mushagalusa
aliapa kwamba yeye ni mzigo wa kinanda.
Nabintu, mshika hazina, hakulala:
franga za washirika zilikuwa kifuani, kwenye leso,
na kila wimbi alilihesabu kama mwizi.

Goma ilitupokea kwa mawe yake meusi.
Vumbi likapanda viatu tulivyovipaka kiwi Cimpunda
kabla mtu hajatuuliza majina.
Viti vya ukumbini vilifika juu ya chukudu,
kijana goti moja ubaoni, mguu mwingine ukisukuma barabara.
Tukamsaidia kuvishusha. Tukadhaniwa ni wafanyakazi.
Tukaelekezwa jikoni.
Mchungaji Cirhuza hakubisha:
alimenya viazi ndoo nzima
hadi mpishi alipoona beji ikichungulia mfukoni mwake.

Mada ya saa nane: Kiongozi na Maono.
Mwezeshaji, mtu mpole mwenye rimoti, akasema:
kila timu iandike maono ya miaka mitano.
Sentensi moja. Dakika kumi.

Jirani zetu waliandika mataifa.
Wengine redio, wengine chuo,
wengine helikopta (nadhani walitania).
Nsimire alishika biro, akatazama dari muda mrefu,
akaandika: *mabati ishirini na manne.*

Mwezeshaji alisoma, akatabasamu kwa upole unaouma.
«Mama, hili ni hitaji.
Maono ni kitu ambacho bado hujakiona.»

«Nami sijayaona,» akasema Nsimire.

Ukumbi ulicheka. Kisha mvua.

Mvua ya Goma haipigi hodi.
Iliangukia paa lile kubwa,
midomo ya mwezeshaji ikaendelea kutembea bila sauti,
umeme ukakatika,
watu mia tatu tukakaa gizani, wakavu.

Wakavu.

Nikawageukia wenzangu. Hakuna aliyesali.
Nabintu alikuwa amekwisha kupandisha kitenge magotini.
Cirhuza alikuwa akipapasa sakafu kwa kiganja,
huku, kisha huku,
kama afanyavyo kwetu chini ya shitingi
akitafuta mahali pa kuweka sufuria.
Alipapasa. Hakupata tone.
Akabaki ameinama hivyo hivyo,
mkono chini, kama aliyesahau alichoangusha.

Huenda mwezeshaji alisema kweli.
Siku mbili nimeyageuza maneno yake
kama kiazi cha moto, kiganja hadi kiganja.

Usiku wa kurudi, vyeti vyetu vimo ndani ya mfuko wa sukari,
mdomo umefungwa kwa kamba ya kinanda.
Jina la Mushagalusa limekosewa; anasema liache,
huyo mwingine naye atakuwa amejifunza kitu.
Nsimire analala, shavu kwenye bega la Nabintu.
Karatasi yake ninayo mimi, na mstari mwekundu chini ya neno *mabati*.
Ninaifungua kwenye taa ya ngazi,
na chini ya mwandiko wake ninaongeza, kwa biro yangu:

*misumari, kilo tatu.*