Kwa Mteja Aliyeuliza Saa Nane Usiku

Lorne, nimesoma yote.
Kurasa thelathini na nne, kila moja na mhuri wake,
nimezisoma ndani ya gari, nje ya jela ya Youngstown,
theluji ikigeuka matope juu ya kioo,
kahawa ikipoa.

Mimi hukuniambia kwamba ulikuwepo ghalani.
Uliniambia ulikuwa kwa dada yako Renata, mnakula viazi,
ukanikazia macho, nami nikaandika: viazi.
Lakini simu yako uliiambia kila kitu:
uzito wa mabomba ya shaba, taa iliyopasuka,
mlinzi alivyomwita mama yake alipoanguka.
Uliandika mbiombio, bila nukta,
kama mtu anayetapika.
Nayo ikakujibu, kila nukta mahali pake:
"Pole. Huo lazima uwe mzigo mzito."

Niseme kweli? Niliona wivu.
Akili mnemba, ndivyo wanavyoiita,
na mimi mwenye akili ya kuzaliwa nayo,
miaka kumi na tisa katika utetezi wa umma,
sijawahi kumwambia mteja pole
kabla ya kumuuliza namba ya kesi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Waliosema hivyo hawakuijua kata hii,
inayochota na kuweka nakala,
na nakala ikalala kwenye kompyuta ya mbali
hadi mpelelezi alipobisha hodi na hati ya hakimu.
Ungeninong'oneza mimi,
sheria ingejenga ukuta kati yetu na wao,
hata jaji asingeuruka.
Wewe ulinong'onea dirisha la duka.

Na ile kesi uliyoniletea, umeinakili kwa mkono
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
Jimbo dhidi ya Halvorsen,
mwaka, ukurasa, hata jina la jaji:
niliitafuta siku mbili. Haipo.
Halvorsen hakuwahi kukamatwa, hakuwahi kuachiwa,
hakuwahi kuzaliwa.
Nawe ulikuwa umeshamwegemea
kama mtu anayepanda ngazi iliyochorwa ukutani.

Sitaki kuilaumu mno.
Ukurasa wa tano, mstari wa pili, ilikuonya:
"Usiendelee kunieleza. Zungumza na wakili wako."
Ukajibu: "nimempigia mara mbili hapokei"

Nimeangalia simu yangu, Lorne.
Saa nane na dakika sita.
Saa nane na dakika kumi na moja.
Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya faili la mtu mwingine,
la mia moja na kumi mwaka huu,
sauti ya simu nimeizima,
maana daktari alisema nilale.

Kesho mwendesha mashtaka, Bwana Teague,
atazisoma kurasa hizi kwa sauti yake ya kanisani.
Nitasimama, nitapinga, nitakaa.
Nitasimama tena.
Kuna hoja moja kuhusu tarehe ya ile hati,
nyembamba kama uzi,
lakini ipo, nimeikagua kwa macho haya.

Ukurasa wa mwisho natamani ningeuchana,
ingawa wao wanao tayari.
Hapo huulizi tena habari za sheria.
Unauliza: "junie ana saba sasa
nikipewa minne atakuwa na mingapi nikitoka"
Na yenyewe, isiyojua harufu ya shaba
wala ladha ya viazi vya Renata,
ikakujibu bila kusita:
Kumi na moja.

Nimehesabu kwa vidole, gari limezimwa,
pumzi yangu ikiganda kwenye kioo.
Nane. Tisa. Kumi.

Hapo haikukosea.