Kitambaa cha Chumba Kinachotoka

Walikuja Jumanne, upepo wa Makambako
umeshaanza kupekua mabati.
Gari fupi linavuta nyumba:
nyumba nyeupe yenye magurudumu manne,
ina kitasa, ina pazia la maua,
ina namba za Zambia zilizofutika nusu.

"Wewe ndiye fundi Tulinagwe, wa maturubai?"
Ndimi. Miaka kumi na tisa nashonea malori,
mbao za Mafinga, viazi vya Njombe, mbolea.
Hakuna aliyewahi kuniletea chumba.

Mwalongo, mpima ardhi mstaafu,
akabonyeza kitufe.
Ukuta ukaguna, ukatoka nje taratibu
kama droo ya kabati,
na ndani ya droo kitanda,
na juu ya kitanda mkewe, Bi Tamali,
anamenya parachichi, wala hakushtuka.

"Tatizo liko juu."
Nikapanda ngazi.

Nikaona: chumba kikitoka, kitambaa hukifuata,
kinajikunjua kutoka kwenye bomba,
kinalala juu yake kama mkono juu ya kichwa cha mtoto.
Chumba kikirudi, springi inakiita, kinajikunja.
Kazi yake ni hiyo tu:
maji yasituame, majani yasiingie na ukuta ndani.
Sasa kilikuwa kimechanika kutoka pindo hadi pindo,
kinapiga makofi peke yake.

"Tulilala Sao Hill," akasema Mwalongo,
"upepo ukaamka kabla yetu."

Nilikivua. Kwenye mikunjo yake
nikakuta sindano za misonobari, kavu, mamia,
zimejipanga kama zinasubiri uzi.
Nikacheka peke yangu.
Yangu ni namba kumi na nane, ya chuma.
Hizi zilishona nini, usiku kucha, kule msituni?

Futi kumi na mbili kwa nne.
Nikakata turubai jipya, la kijivu,
nikapaka uzi nta, nikashona mara mbili,
kwenye kona mara tatu,
maana upepo wa hapa haugongi mlango,
unatafuta kona.
Mwalongo alisimama na futi yake mkononi
akipima nilichokwisha kupima.
Nikamwacha. Mstaafu naye ana mikono.

"Mnakwenda wapi?" nikamuuliza Bi Tamali.
"Popote penye tambarare," akasema.
"Miaka thelathini alipima viwanja vya watu.
Chetu hakukipima.
Sasa tunatoa chumba pale tunapolala,
asubuhi tunakirudisha."
Akanipa nusu ya parachichi, na chumvi.

Jioni akabonyeza kitufe mara nne.
Toka, rudi. Toka, rudi.
Kitambaa kikaenda, kikarejea bila kukunjamana.
Madereva wa malori wakaacha chai zao
wakasogea kutazama.
Mmoja akauliza kama nyumba hiyo inakula dizeli.

"Hili kuukuu litupe," Mwalongo akasema, akanilipa,
wakaondoka na njia ya Igawa
kabla ukungu haujashuka.

Sikulitupa.

Mimi nami niliongeza chumba,
mwaka ule watoto wa marehemu dada yangu
walipokuja na begi moja wote watatu.
Matofali mabichi, bati sita za kuokoteza.
Chumba changu hakina kitufe.
Kilitoka mara moja, hakikurudi,
na pale kilipoungana na nyumba
mvua imejua njia.

Usiku huo Lusekelo alinishikia tochi,
ana miaka kumi na miwili, meno yanamgongana kwa baridi.
Niliweka kiraka pale palipochanika,
nikakigongomea juu ya kiungo kwa misumari ya bati
na vizibo vya soda, ili kisichanike tena.
"Shangazi, na hiki kitajikunja?"
"Hiki kimestaafu," nikamwambia. "Shika tochi vizuri."

Ikanyesha saa nane.
Nililala macho, nikihesabu kimya
pale nilipozoea kuhesabu matone.

Asubuhi sufuria la pembeni lilikuwa kavu.
Nikalipikia uji.