Ncha ya Pili ya Futi

Mimi nilikuwa ncha ya pili ya futi yake.
Profesa Nyamizi Lugembe alishika sifuri,
mimi nikarudi kinyumenyume hadi namba ilipoishia:
kwenye choo cha mtu, kwenye kaburi,
mara moja kwenye sufuria ya wali, bado iko jikoni.

Mwaka wa kwanza alikuja Kiloleni na rula.
Barabara zake zilinyooka kama suruali ya karani.
Tulizipiga X nyekundu nyumba kumi na nne.
Ya saba ilikuwa ya shangazi. Niliipaka haraka.
Masika yakaja. Maji hayakusoma ramani,
yalipita palepale yalipopita siku zote,
yakabeba kalavati letu jipya,
na watu wakaendelea kukatiza kwa mama Kalunde
kwa sababu kisima kiko kwa mama Kalunde.

Alisimama pale, viatu mkononi,
akaniuliza mimi, mshika futi wa darasa la saba:
"Hii njia nani aliichora?"
Nikamwambia, miguu.
Hakucheka. Aliandika.

Miaka ishirini na sita iliyofuata
rula ilikaa mkobani hadi saa nne.
Kabla ya hapo tulimwaga chokaa nyuma ya wachota maji,
nyuma ya watoto wa shule, nyuma ya mlevi mmoja wa Isevya
ambaye, Profesa aliapa, ndiye aliyegundua
kona nzuri kuliko zote Tabora.
Ng'ambo tuliingiza gari la wagonjwa bila kubomoa
ila ukuta mmoja wa banda; kuku tuliwahamisha wenyewe.
Ipuli alibishana na madiwani siku nzima
juu ya upana wa kibaraza: mita moja, au moja na nusu?
"Moja ni ya kupita," alisema. "Nusu ni ya salamu."

Alishindwa pia. Na hilo niliseme.
Kiwanja cha mpira cha Cheyo kimo kwenye michoro yote minne
na leo ni ghala la saruji.
Tulipopita hapo aliteremsha kioo cha gari,
akakipandisha.

Alipostaafu chuo kilimpa saa ya ukutani.
Mimi aliniachia futi, ileile,
imekatika sentimita nane za mwanzo,
kwa hiyo kila ninachopima
lazima nitoe nane.

Juzi mjukuu alitaka kupima mlango wa banda lake.
Nikamwambia, rudi nyuma, rudi,
angalia sufuria.
Nami kwa mara ya kwanza nikashika upande wake,
upande usio na sifuri.