Mataruma

Babu Ndahani alijifunza kukimbia relini,
kati ya Kintinku na Bahi,
spana begani, akikaza nati.
Hatua moja, mataruma mawili.
Hesabu hiyo ilimwingia magotini, haikutoka.

Mwaka wa pili wa bendera mpya
wakampandisha ndege kwenda Budapest,
fulana ya kijani, miguu pekupeku,
mlenda mkavu umefungwa kwenye leso.

Barabara ya huko, laini kama sahani.
Miguu ikatafuta mbao, ikakosa,
ikawa ya mtu apandaye ngazi gizani.
Wakampita wote.
Wote, ila Mhungaria mmoja, Dobosi,
aliyechechemea tangu darajani.

Maili tisa bila lugha.
Babu akahesabu kwa Kigogo, kwa sauti,
yule wa kushoto akaudaka mdundo.
Wakaingia uwanjani, wafagiaji wamekwisha anza.

Nilimuuliza: basi nani alikuwa wa mwisho?
"Tulikuwa wawili," akasema.
"Wa mwisho huwa mmoja."

Viatu alivyopewa na Dobosi, namba arobaini na nne,
havikumwenea kamwe.
Bibi alitunzia humo mbegu za uwele;
mvua ya kwanza ikinusa,
tulianza na kiatu cha kushoto.

Siku hizi inapita treni ya umeme,
kikombe hakitikisiki mezani.
Mataruma ni ya zege, nikamwambia.
Akanyamaza. Akakunja goti chini ya shuka.
"Yameachana kiasi gani?"

Kesho nakwenda na kamba,
nikasimame nje ya uzio,
nipime kwa macho.