Vyumba Vitatu

Vilivyorudi mikononi mwetu ni vitatu.
Vingine vitano bado vina watu,
mikeka, masufuria, mtoto anayekohoa,
na nani atamwambia mtu toka
wakati hana pa kwenda?

Direkta Paluku alitaka kuandika ubaoni.
Ubao umeliwa na masizi, chaki haishiki.
Akaandika mlangoni: 1, 2, 3, 4, 5, 6,
kama bei ya viazi pale Birere.

Tulikaa juu ya mawe ya volkano.
Madawati yalikwisha kuivisha maharagwe ya watu.
Bwana Sebahizi wa kamati ya wazazi akasema:
la sita, mtihani wa taifa haungoji mtu,
na pesa zake zimeshalipwa.
Madamu Kavugho akasema la tano,
maana la tano wa leo ndio la sita wa kesho.
Kila mmoja alivuta blanketi upande wake.

Mimi nafundisha la kwanza.
Nilitaka kusema hivi:
wa la sita, wape kitabu na kibatari, watajisukuma,
kama chukudu iliyokwisha kuonja mteremko.
Wangu ndio kwanza nawapandisha mlima.
Irabu zote tulimaliza, kisha tukaishia M.
Mama wanaandika.
Lima wanaandika.
Shule hawawezi, hatukufika huko.
Miezi mitano sasa wako barabarani
wakiokota vipande vya makala,
na M yenyewe labda imeshamwagika.

Nilitaka kusema.
Direkta akauliza: wanaokubali la sita?
Nikaona mikono, nikaihesabu,
nikanyoosha na wangu.
Mwanangu yuko la sita.
Hilo nalo sikulisema.

Jumatatu, saa moja haijafika,
Katungu alikuwa wa kwanza langoni,
sare imemfupika, kigoda kichwani:
amekuja na kiti chake
asimpe mtu taabu.
Nikamwambia, nyinyi bado.

Akafikiri.
Akashusha kigoda, akaokota jiwe jeusi,
akainama kwenye saruji ya kizingiti
na kuandika polepole, ulimi nje,
BADO,
kisha akaniangalia
kuona kama amekosea.